Miwani inavuja ila mzee ana madini: safari ya matofali ya baharini, Tanga

Jumamosi tumeenda na jamaa fulani wanaopeleka watu kwa boti kutoka Raskazone kuona matofali ya zege yaliyozamishwa yawe mwamba, si mnajua baruti za wavuvi zilivyotuharibia matumbawe huku Tanga. Elfu thelathini kwa kichwa, msosi juu yako. Mi nilifuata samaki, nimerudi naongelea chaza tu mpaka wife kachoka.

Lawama kwanza. Tumeambiwa saa mbili, boti imetoka saa nne na nusu, na siku yenyewe bamvua, zile siku maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, hapa yanapwa zaidi ya mita 3, sasa ukichelewa hivyo unakuta yashaanza kujaa na yale matofali ya juu yanafunikwa huku unayaangalia. Miwani yangu ya kuzamia inavuja, ya mwenzangu mkanda umekatika. Hapo nyota mbili zimeondoka.

Kilichookoa siku ni mzee anayeongoza, mvuvi wa zamani. Akatuonyesha tofali moja tu tukakaa nalo karibu nusu saa. Juu, pale maji yanapopwa na kujaa, chaza wamejaa, chini zaidi wanapungua maana huko wanaliwa. Anasema kichanga cha chaza kinaelea kama wiki mbili tatu kisha kinatafuta pagumu, kikijigundisha ndo basi, hakihami tena mpaka kufa, kwa hiyo kinachagua haswa: penye mikwaruzo, penye kivuli kidogo, na penye chaza wenzake. Matofali yaliyomwagwa kwenye fomu laini, yale maboksi ya kumwagia zege, yana vipara mpaka leo, ya jirani yenye kokoto nje nje huoni hata zege. Mengine waliyashusha kwenye matope, yamezama nusu, chaza wote wamebaki maganda matupu, maana chaza anachuja maji apate chakula na tope likimziba hana pa kukimbilia.

Kamba kochi yeye hana shida na ukuta, anataka shimo. Lenye giza na mlango wa nyuma, mchana unaona ndevu tu zinacheza, usiku ndo anatoka kula. Tulikuta shimo zuri sana limepangwa na pweza, nje kuna rundo la magamba ya kaa na kombe, aisee kama nyuma ya kibanda cha supu. Kombe wenyewe wala tofali hawalitaki, wamejifukia kwenye mchanga pembeni.

Nawapa tatu kwa tano, zote za mzee. Uliza kabla kama yupo, asipokuwepo baki nyumbani, na beba miwani yako.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, lile shimo la kochi ni tofali la ngapi kutoka kwenye boya?" Akacheka, akamwambia kijana awashe mashine.