Makauboi waimbaji: miezi mitatu na kasha la filamu 20

Kasha hili sikulinunua kwa ajili yangu. Baba alifanyiwa upasuaji wa goti mwezi wa pili, daktari akamwambia atulie nyumbani wiki sita. Sasa mzee aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kukamua, umwambie atulie wiki sita! Kufikia siku ya nne alikuwa amegombana na kila mtu, hadi mbwa. Taarifa za habari zinampandisha presha, na zile tamthilia za kutafsiriwa anasema ni za mama. Nikakumbuka anavyokaa na redio Jumapili akingoja wampigie Jim Reeves, yule mwimbaji wa country wa Marekani. Nikaingia mtandaoni kutafuta kitu cha aina hiyo, nikapata kasha la diski kumi, kila diski filamu mbili, zote za makauboi waimbaji wa Marekani wa miaka ya 1930 na 1940. Shilingi 3,400 pamoja na kutumiwa hadi Kericho.

Nianze na malalamiko niyamalize. Muuzaji alisema siku tano, kasha likafika siku ya kumi na moja. Picha iliyo juu ya kasha ina rangi za kumeremeta, lakini ukifungua, karibu filamu zote ni nyeusi na nyeupe. Diski tatu zilikuwa zimechomoka mahali pake zikasafiri zikikwaruzana, na moja, ile ya tisa, inakwama. Maandishi ya chini hakuna, kwa hiyo anayetatizwa na Kiingereza cha puani cha Texas atabaki kutazama farasi. Picha yenyewe ni bahati nasibu: filamu moja safi kabisa, inayofuata utadhani imepigwa wakati wa mvua ya mawe.

Kubwa zaidi ni hili, na sidhani hata muuzaji analijua. Filamu nyingi za Gene Autry na Roy Rogers, nyota wakubwa wa makauboi waimbaji, zilikatwa miaka ya 1950 ili zitoshe kwenye saa moja ya televisheni pamoja na matangazo, zikabaki kama dakika 54. Na wakati mwingine kilichokatwa ni wimbo. Unamwona jamaa anachukua gitaa, anakaa juu ya uzio, watu wanamzunguka wakitabasamu, kufumba na kufumbua yuko juu ya farasi anatimua vumbi. Ni kama kuletewa sinia la pilau lisilo na bizari. Baba aliponiona nimekunja uso aliuliza, "Wamekata, sivyo? Hata zamani gari la sinema likija kwenye majani chai walikuwa wanakata. Tulikuwa tunapiga miluzi."

Kwa asiyezijua filamu hizi, mpangilio wake ni mmoja tu. Kuna shujaa mwenye shati lisilochafuka hata akiviringika kwenye changarawe. Kuna farasi mwenye akili kuliko polisi, rafiki mnene wa kuchekesha, binti wa mwenye shamba, na mtu wa suti anayelitaka shamba hilo. Katikati ya fujo zote, shujaa anasimama na kuimba.

Gene Autry, aliyezaliwa Texas mwaka 1907, alikuwa mpiga telegrafu wa reli kabla ya kuwa nyota. Mwaka 1935 studio ikampa mfululizo wa sehemu 12 ambao nauhesabu kuwa wazimu mtupu: chini ya shamba lake kuna mji wa siri wenye malkia na maroboti ya bati, wanamkamata, na yeye shida yake kubwa ni kwamba lazima atoroke arudi juu kuimba redioni kwa wakati, la sivyo atapoteza shamba. Tulicheka mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Roy Rogers, kwa jina la kuzaliwa Leonard Slye, ni mtoto wa Cincinnati, si wa nyikani. Alipata nafasi ya kuwa shujaa mkuu wa filamu mwaka 1938 Autry alipogombana na studio kuhusu malipo. Kwa sauti mimi namweka mbele. Farasi wake Trigger alipokufa mwaka 1965 ngozi yake ilikaushwa ikavishwa umbo, akawekwa kwenye makumbusho akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma. Nilipomweleza Baba, alinyamaza kidogo kisha akasema nisije nikapata wazo kama hilo kuhusu ng'ombe wake.

Humo ndani utamkuta hata John Wayne, kijana mwembamba, katika filamu ya mwaka 1933 akiwa kauboi mwimbaji. Sauti si yake. Midomo inakwenda huku, wimbo unakwenda kule.

Diski iliyonishangaza ni yenye Herb Jeffries, filamu ya mwaka 1939 ambayo waigizaji wote ni Weusi: shujaa, mpenzi wake, wezi, hadi mlevi wa baa. Filamu za namna hii zilitengenezwa kwa ajili ya watazamaji Weusi, maana Marekani ya wakati huo kumbi nyingi zilikuwa zimewabagua. Bajeti ilikuwa ndogo, hilo halijifichi, na ngumi zinapita hatua moja mbali na taya. Lakini Baba, aliyetazama makauboi tangu ujana, hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na kauboi Mweusi hata mmoja. Aliitazama mara mbili mfululizo. Mara ya pili aliniambia niende nikamwite mzee jirani.

Mimi nilizichukulia zote kama vitu vya kuchekea mpaka wiki ya tatu. Niliuliza, kwa nini anasimama kuimba na wezi wanazidi kwenda na ng'ombe? Baba akanigeukia kama nimeuliza swali la mtoto. "Bibi yako alipokuwa anakusimulia, zimwi likifika mlangoni, alikuwa anafanya nini?" Alikuwa anaimba. Hadithi hadithi, hadithi njoo, na zimwi likishika mlango bibi anasimamisha kila kitu, tunaimba wote, tena mara tatu, zimwi linangoja. Hakuna mtoto aliyelalamika. Wimbo ndio tuliokuwa tunausubiri, zimwi lilikuwa kisingizio tu. Tangu siku hiyo nazitazama kwa jicho jingine, na nimegundua nazijua nyimbo nne kwa moyo.

Halafu wale waovu wenyewe si wageni kwetu. Nadra kuwa mnyang'anyi wa bastola peke yake. Mara nyingi ni mwenye benki, wakili, mtu anayejua reli au bwawa litapita wapi na anataka ardhi kabla wenyewe hawajajua. Zilitengenezwa wakati Wamarekani wengi walikuwa wamenyang'anywa mashamba kwa madeni, na inaonekana. Baba humtambua mnyakuzi dakika ya pili: "Huyo mwenye faili. Mwangalie."

Jambo moja nitalihifadhi maisha. Usiku mmoja Autry alianza ule uimbaji wa kuvunja sauti, kutoka kifuani inaruka hadi kichwani na kurudi, na Baba akakaa wima, goti na yote. "Chemirocha!" Anayetoka kwetu anaelewa. Santuri za Jimmie Rodgers, yule mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, zilifika Bonde la Ufa, Wakipsigis wakalisikia jina lake wakaligeuza Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimbia. Na Autry alianza usanii kwa kumwiga Rodgers huyohuyo. Baba hakuwa na habari ya historia hiyo yote. Alisikia tu koo, akalijua.

Kwa hiyo, ununue? Ukitaka picha safi na nyimbo kamili, tafuta nakala zilizorejeshwa, zipo za Autry kwa urefu wake, japo bei iko juu. Ukiwa na mzee nyumbani na deki ambayo bado inafanya kazi, kasha la bei hii linatosha, ila mwambie muuzaji akupigie picha kila diski kabla hujatuma pesa. Nyota tatu kwa bidhaa. Ya nne nimeongeza kwa sababu ya Jeffries.

Diski ya tisa bado inakwama dakika ya 31, shujaa ametia mguu kwenye kikuku cha farasi. Muuzaji ameacha kujibu ujumbe. Jumamosi wajukuu walikuja, ikakwama tena, wakaanza kulia. Baba akazima runinga akawamalizia mwenyewe, wimbo akaweka wa Kikipsigis, na mwizi kufikia mwisho alikuwa amekuwa yule bwana wa upande wa pili wa mto aliyesogeza ua wetu mwaka 1987.