Programu-jalizi za manukuu: nimezipima kwa dirisha la kusahihishia

Matangazo ya programu-jalizi (plagini) za manukuu, yaani nyongeza za programu ya kuhariri video zinazoandika yanayosemwa, yanafanana kama mapacha. Mtu anabonyeza kitufe kimoja, maneno yanarukaruka kwenye skrini yakibadilika rangi, kisha linatokea tamko la usahihi kwa herufi kubwa. Usahihi wa lugha gani, hawasemi. Mimi nahariri mahojiano na video za mafunzo, na sauti ninazoletewa nyingi ni Kiswahili cha watu wanaoongea haraka, wanaodakiana maneno na kuingiza Kiingereza katikati ya sentensi. Kwa sauti za aina hiyo kusahihisha hakukwepeki, hata ununue ipi. Ndiyo maana nilipokuwa natafuta ya kulipia, swali langu kubwa lilikuwa: nikishaletewa rasimu yenye makosa, nitaisafisha kwa raha au kwa machozi?

Kabla hujatoa hela, angalia kwanza ulichonacho kwenye programu yako ya kuhariri video. Premiere Pro inageuza usemi kuwa maandishi tangu 2021. DaVinci Resolve ilipata manukuu ya kiotomatiki kwenye toleo la 18.5, mwaka 2023, ila kwa wenye Studio, lile la kulipia. Final Cut Pro ikafuata na toleo la 11 mwishoni mwa 2024. Huduma hizo zilipotoka, hakuna iliyokuwa na Kiswahili. Orodha za lugha huongezwa, kwa hiyo fungua menyu uhakikishe mwenyewe, na kama hakimo usijaribu kuidanganya programu kwa kuchagua lugha jirani. Itasikiliza kwa masikio ya lugha hiyo na kukuandikia vitu ambavyo hata mzungumzaji mwenyewe atavikana.

Hapo ndipo plagini za nje zinapoingia, na nyingi ndani yake zina Whisper, modeli ya kugeuza usemi kuwa maandishi ambayo OpenAI iliitoa Septemba 2022. Kiswahili kimo. Lakini tazama hesabu yake: ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti, na lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa 117,000 tu za unukuzi. Sasa kwenye hizo 117,000 zimo pia lugha kubwa zenye sauti tele mtandaoni. Kilichobaki kwa Kiswahili ni makombo, na inaonekana kwenye kazi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji yeyote: je, naweza kuchagua ukubwa wa modeli? Whisper ya kwanza ilitoka kwa saizi kadhaa, ndogo kabisa ikiwa na vigezo (namba za ndani zinazobeba ilichojifunza) milioni 39 na kubwa kabisa bilioni 1.55. Kwa Kiingereza kilichorekodiwa vizuri, zile ndogo zinatosha. Kwa Kiswahili usihangaike nazo, nenda moja kwa moja kwenye kubwa. Bei yake ni kumbukumbu: OpenAI wenyewe wanakadiria takriban GB 10 kwenye kadi ya michoro kwa ile kubwa, na GB 1 kwa ile ndogo kabisa. Plagini isiyokuonyesha inatumia ipi, mara nyingi imechagua inayokwenda mbio ili ionekane vizuri kwenye tangazo.

Pia Whisper inasikiliza kwa vipande vya sekunde 30, na inajulikana kwa kubuni maneno pasipo na maneno. Ukiiachia muziki mtupu au ukimya mrefu, inaweza kukuandikia shukrani kwa watazamaji ambazo hakuna aliyezitoa. Plagini nzuri huchuja sehemu zisizo na usemi kabla ya kunukuu. Jaribu hilo mapema, kwa sababu sentensi ya kubuniwa iliyoandikwa kwa sarufi safi ndiyo inayopita machoni pa mhariri bila kushtukiwa.

Sasa tuje kwenye kusahihisha, mahali ambapo matangazo yote hunyamaza.

Plagini ya kwanza niliyoilipia ilikuwa ya usajili wa mwezi, yenye mitindo mingi ya kupendeza. Sitaitaja. Mzungumzaji alisema "tumeshawaeleza", ikaandika "tumesha waeleza". Kosa dogo, na modeli hizi hulirudia kila mara kwa sababu vitenzi vyetu vinabeba mzigo mrefu. Kuunganisha maneno mawili kungekuwa kazi ya kubonyeza kitufe cha kufuta mara moja. Lakini kwa plagini ile kila neno lilikuwa kisanduku chenye muda wake. Nilitakiwa kufuta kisanduku cha pili, kuandika upya cha kwanza, kisha kuburuta ukingo wake kwa mkono mpaka ufike sauti inapoishia. Nikikosea fremu chache, rangi inaruka kabla mtu hajamaliza kutamka. Fikiria mahojiano ya nusu saa yenye makosa ya namna hiyo katika kila sentensi ya tatu.

Ile niliyoihamia ina dirisha la maandishi ya kawaida. Ukiunganisha maneno mawili, neno jipya linachukua mwanzo wa la kwanza na mwisho wa la pili, bila kuulizwa. Ukibonyeza Enter katikati ya sentensi, nukuu inakatika hapo hapo na muda unajigawa. Sauti inacheza na kusimama kwa kibodi huku vidole viko kwenye maandishi. Na kuna kutafuta na kubadilisha kwa faili zima, jambo ambalo nilidhani kila programu duniani inalo mpaka nilipokutana na ile ya kwanza. Jina la mtu likikosewa mwanzo, litakosewa vilevile mpaka mwisho, tena wakati mwingine kwa tahajia tofauti tofauti kana kwamba ni ukoo mzima.

Kingine cha kujaribu ni ng'. Andika sentensi yenye "ng'ambo" au "kung'ara" kisha washa mtindo wa kuwaka neno kwa neno. Plagini kadhaa huichukulia alama ile kuwa mwisho wa neno: linawaka "ng", halafu peke yake "ambo". Hakuna mpangilio wa kurekebisha. Ni kasoro ya programu yenyewe, na ukikutana nayo kwenye kipindi cha majaribio achana nayo, kwa sababu jibu la huduma kwa wateja litakuwa ni kukushauri uondoe alama hiyo.

Mitindo ya maneno matatu kwa wakati mmoja, ile inayopendwa kwenye video za wima, nayo ilishonwa kwa lugha yenye maneno mafupi. Maneno matatu ya Kiswahili yanaweza kuwa "walivyotuambia tusiwasikilize hatukuwaelewa". Kwenye fremu ya upana wa pikseli 1080, kwa fonti nene wanayoipenda, hayo hayaenei, na plagini inaamua yenyewe kupunguza herufi. Matokeo yake nukuu moja kubwa, inayofuata ndogo, ya tatu kubwa tena. Tafuta inayokuruhusu kuweka kikomo kwa herufi badala ya maneno. Netflix, kwa mfano, huweka herufi 42 kwa mstari kwa lugha nyingi za alfabeti ya Kilatini, mistari isizidi miwili. Kwa video ya mlalo nafuata hivyo hivyo. Kwa ya wima nakata karibu nusu. Hata hivyo hakuna niliyoiona inayojua kwamba "mwenyekiti wa" haipaswi kuishia mstari mmoja na "kikundi" kuanza mwingine. Hilo nafanya kwa mkono.

Kuhusu kutoa faili, sina mengi. Itoe SRT safi, yaani faili la maandishi lenye manukuu na muda wake, na majina yasiharibike. Usikubali plagini inayochoma manukuu kwenye picha tu, maana mtazamaji hawezi kuyakuza, kuyazima wala kuyatafsiri. WCAG, mwongozo wa kufanya maudhui ya mtandaoni yawafikie wenye ulemavu, kipengele 1.2.2, unataka manukuu kwa video zilizorekodiwa zenye sauti, na asiyesikia anahitaji pia kujua nani anaongea na mlango umegongwa lini. Hayo Whisper peke yake haikuandikii kwa uhakika. Uliza pia usajili ukiisha miradi ya zamani inakuwaje: nyingine huacha maandishi ya kawaida kwenye taimlaini, nyingine huacha vitu vilivyofungwa visivyoharirika, na mteja akirudi kuomba jina lirekebishwe unalazimika kulipa tena.

Kuna suala la sauti kupelekwa kwenye seva. Kwa tangazo la bidhaa, sawa. Kwa mtu aliyenisimulia mambo yake kwa masharti, nataka kazi ifanyike kwenye kompyuta yangu, basi.

Nimeishia wapi? Ndani ya Resolve natumia AutoSubs, ambayo ni ya bure, ina chanzo huria na hunukuu kwa Whisper hapo hapo kwenye mashine. Haina mbwembwe nyingi na sizihitaji kwa mahojiano. Kwenye Premiere nanukuu nje, naingiza SRT kwenye njia ya manukuu, nasahihisha humo. Ile ya kulipia yenye dirisha zuri naifungua kwa video fupi za wima zinazotaka rangi, na kwa hizo inastahili hela yake. Kama unatengeneza video za Kiingereza pekee, sioni sababu ya kulipia chochote zaidi ya kilichomo kwenye programu yako.

Ukiamua kujaribu nyingine, usitumie sauti yao ya mfano. Chukua klipu yako mbaya kuliko zote, ya dakika mbili, yenye upepo, watu wawili wanaodakiana na angalau jina moja gumu. Isafishe mpaka iwe tayari kurushwa, huku saa inahesabu. Kisha fanya vivyo hivyo kwa mpinzani wake, na ulinganishe dakika.