TAHADHARI: Uzi wa pamba unauzwa kwa jina la poliesta, na ncha zake hazishiki

Ndugu zangu mnaoshona ngozi kwa mkono, kama umenunua karibuni uzi wa nta mtandaoni ulioandikwa "poliesta 100%", usiutie kwenye kazi ya mteja kabla hujaupima. Kuna muuzaji anasambaza pamba iliyoloweshwa nta kwa jina la poliesta, na mimi ni mmoja wa aliowauzia. Jina la duka lake halitakusaidia, kwa sababu limeshabadilika na picha zile zile sasa ziko chini ya jina jingine. Naeleza mwenendo wake ili umtambue popote atakapojitokeza.

Ukiomba sampuli, anakutumia uzi halali kabisa. Unaridhika, unaagiza mzigo. Roli zikifika zina lebo ile ile, zinang'aa vile vile, unene ni ule ule wa milimita 0.8. Na mita za juu kwenye kila roli ni poliesta kweli! Ndani ndiko kulikofungwa pamba. Kwa hiyo hata fundi makini anayejaribu uzi kwa kiberiti kabla ya kuanza kazi anadanganyika tu, maana amejaribu kile alichowekewa ajaribu.

Ubaya wake unajitokeza kwenye kumalizia. Mshono wetu wa sindano mbili, yaani uzi mmoja wenye sindano kila ncha, hauna fundo. Ukifika tundu la mwisho unarudi nyuma matundu mawili au matatu, unatoa ncha zote upande wa ndani wa kazi, unakata ukibakiza kama milimita 2, kisha unazipitishia moto. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 hivi. Inajikunja kuwa kitone, unakibonyeza kingali laini, nacho kinalala bapa juu ya tundu kikiwa kipana kuliko tundu lenyewe. Hicho ndicho kinachozuia ncha isirudi ndani.

Pamba haiyeyuki, inaungua. Na pamba yenye nta ndiyo utambi wenyewe wa mshumaa: moto unaufuata uzi hadi ndani ya tundu, unababua ngozi pembeni, na kinachobaki ni mkaa. Kwa juu unaona kidoa cheusi, unadhani ncha imeshika, unakabidhi kazi. Begi moja la mteja wangu lilirudi likiwa limefumuka pale mkanda unaposhikana na mwili wa begi. Nilipokwaruza kile kidoa kwa ukucha kikatoka unga mweusi, na chini yake ncha ilikuwa imeishia ndani kabisa ya ngozi, hakuna hata nyuzi ya kuikamata kwa koleo. Mkanda unavutwa kila siku, ncha inateleza tundu moja, kisha la pili, na mshono unalegea mahali pale pale panapobeba uzito wote.

Kupima usitumie ncha ya juu. Tafuta ncha ya ndani ya roli, au fungua uzi mwingi ufike katikati, ukate kipande cha urefu wa kidole. Kitie kwenye maji ya moto sana mpaka nta itoke na kuelea, kipanguse, kikaushe, ndipo ukichome umekishika kwa koleo. Hatua ya maji usiiruke, maana nta nayo ikipoa inaganda kuwa kitone na kukudanganya. Cha nta kinapondeka kwa ukucha, cha poliesta ni kigumu na hakipondeki. Ukiangalia moto wenyewe, poliesta inajikunyata kuukimbia na kutoa moshi mweusi. Pamba inaushika, inaendelea kuungua hata ukiondoa kiberiti, inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini ya kijivu. Ukipata kitone kilichochanganyika na majivu, basi huo ni mchanganyiko wa pamba na poliesta.

Sisemi pamba au kitani ni nyuzi mbaya. Mafundi wa matandiko ya farasi wameshona kwa kitani karne nyingi, na kazi zao zinadumu. Ila kitani kina umaliziaji wake: unarudi matundu matatu, unatia tone la gundi nyeupe kwenye tundu la mwisho kabla ya kuvuta, unakata sawasawa na ngozi, unagonga mshono taratibu kwa nyundo ili matundu yajifunge. Hakuna moto hapo. Fundi akijua ameshika uzi gani, anajua amalize vipi. Huyu muuzaji anamficha fundi jambo hilo, halafu lawama inamwangukia fundi, si yeye. Hilo ndilo linalonikera kuliko pesa.

Ukimlalamikia, kwanza atakuambia umechoma kwa moto mkali mno. Ukimtumia video ya kipimo, anabadilika kuwa mpole, anaahidi kurudisha nusu ya pesa kwa sharti kwamba umpe kwanza nyota tano, au uthibitishe kuwa oda imekamilika. Usikubali. Ukishathibitisha, madai yako yamefungwa na hatakujibu tena. Pia anapenda kuwashawishi watu walipe nje ya mtandao wanaonunulia kwa ahadi ya punguzo. Ukilipa huko, huna wa kumlalamikia. Mzigo ukifika, jirekodi ukiufungua, na ukate uzi wa ndani mbele ya kamera siku hiyo hiyo, kabla muda wa kurudisha haujapita.

Kwa kazi ambazo zimeshashonwa kwa uzi huo, anza na mikanda, vishikio na kila kinachogusa jasho, kwa sababu pamba ikikaa na unyevu inaoza. Hizo zifumue zote uzishone upya. Kwa pochi ndogo na vitu visivyovutwa, unaweza kuokoa mwisho wa mshono peke yake. Chukua uzi mpya unaouamini, anza matundu matatu kabla ya pale palipolegea, pita juu ya mshono wa zamani kwa sindano mbili, malizia matundu matatu baada ya kufika pale uzi wa zamani ulipo imara. Matundu yakibana, yapanue kidogo kwa msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi) bila kutoboa uzi wa zamani ulio chini. Halafu mpigie mteja umwambie ukweli, umwombe alete kitu chake kabla hakijafumuka.