Soksi ya kubana kifundo: uzoefu wangu wa miezi miwili

Niliteguka nikishuka daladala Mbagala. Konda keshagonga bati, gari linaondoka, mguu wa kulia ukatua kwenye ukingo wa mtaro, unyayo ukapinda kwa ndani. Jioni kifundo kilikuwa kimevimba upande wa nje kama chungwa. Mama alitaka aitwe mchuaji usiku uleule. Nilikataa, kano ikiwa bado mbichi, kuchuliwa kwa nguvu kunazidisha uvimbe. Nikaweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hivi kila mara, mguu juu ya mto.

Kesho yake zahanati, tabibu alibonyeza mifupa ya pande zote mbili za kifundo, akanitaka nitembee hatua nne. Nilichechemea lakini nikafika, na mfupa haukuuma, kwa hiyo hakuniandikia picha. Wewe ukishindwa hizo hatua nne, achana na soksi kwanza, nenda kapige eksirei.

Soksi nilinunua Kariakoo, shilingi 15,000. "Dada, hii saizi moja, anavaa yeyote." Uongo mtupu! Kufika saa sita mchana vidole vilikuwa na ganzi. Nilirudi na futi ya cherehani, nikajipima mzunguko wa mguu juu kidogo ya kifundo, nikaongeza 10,000 nikapewa kubwa zaidi, yenye mikanda miwili inayopishana chini ya unyayo. Hiyo ndiyo ninayoisifu. Mguu ukitaka kupinda, mikanda inauzuia, na ngazi za ofisini nikaacha kuziogopa.

Kasoro zake: kwa joto la Dar inanuka ndani ya siku mbili, kiatu cha kazini hakiingii kabisa (raba tu), na sehemu ya kunatia imeshajaa nyuzi.

Muuzaji alisema inaponya. Haiponyi, inashikilia tu. Kano ikishavutika, mguu unapoteza hisia ya usawa, ndiyo maana wengi wetu tunateguka palepale tena. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa zoezi la bure: kusimama kwa mguu ule mmoja wakati napiga mswaki. Wiki ya kwanza sekunde nane nikashika sinki. Sasa namaliza mswaki mzima.

Siku hizi naivaa nikienda kucheza netiboli, na nikijua nitarudi Mbagala jioni.