Uzoefu wangu: Watoa huduma watatu, na sababu ya kubaki na wa tatu

Nilianguka mkarafuuni mwaka 2017, wakati wa vuno, nikiwa nimebakisha tawi moja la juu kabla sijateremka. Uti wa mgongo ulivunjika sehemu ya kiunoni, na tangu siku ile miguu yangu haina nguvu wala hisia. Naandika haya kwa ajili ya walio katika hali kama yangu, na zaidi kwa jamaa zao, kwani kwetu Pemba mara nyingi jamaa ndio wanaochagua huduma, huku mwenyewe akisubiri ndani aletewe. Sitawataja kwa majina wale wawili wa mwanzo, kwa sababu sikukusudia kumchafulia mtu jina, na wa tatu pia simtaji, nisije nikaonekana ninamtangazia biashara.

Wa kwanza alituvutia kwa kiti cha magurudumu. Ilikuwa taasisi yenye bango kubwa na gari jeupe, na siku ya kukabidhi viti ilifanyika hafla, tukapangwa mstari, tukapigwa picha. Kiti nilichopewa kilikuwa kipya kinang'aa, lakini kilikuwa cha aina ile ya kusukumia wagonjwa hospitalini, chenye magurudumu madogo ya mbele, kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu ya saruji. Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Wete, na njia yetu ni ya udongo wenye mawe ambao mvua za masika huuchimba mifereji. Kiti hakikufika hata kwenye mnazi wa jirani. Magurudumu ya mbele yalizama, na kaka yangu akanibeba mgongoni kunirudisha nyumbani, watoto wakikisukuma kiti kitupu nyuma yetu kwa furaha kubwa.

Hilo la njia lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba hakuna aliyenipima. Kiti kilikuwa kipana kiasi cha kupenya ngumi nzima kila upande, kwa hiyo nikawa nakaa nimeegemea upande wa kulia kutwa, na cha kukalia kilikuwa kitambaa kitupu bila mto. Mtu asiyehisi makalio yake hajui kwamba anaumia. Shemeji yangu alipokuja kugundua, siku aliyoona doa kwenye shuka, kidonda kilikuwa kimeshakwenda ndani, nami nililala kifudifudi muda wa miezi minne. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu mwaka 2008 wenye hatua nane, zikiwemo kumpima mtu, kumchagulia kiti kinacholingana na mwili wake na mahali anapoishi, kumkalisha na kurekebisha, kumfundisha kukitumia, na kumrudia baadaye kuona hali yake. Katika hatua hizo nane, mimi nilipata labda nusu ya moja, na picha.

Wa pili alikuwa mtoa huduma za nyumbani ambaye kila asubuhi humtuma msaidizi wa kumwogesha mtu, kumvisha na kumtoa kitandani. Bei yake ilikuwa nzuri, shilingi 120,000 kwa mwezi, na mapatano yalikuwa ya mdomo. Karibu kila wiki ilikuja sura mpya, na kila sura mpya nililazimika kuanza kuieleza upya habari za mpira wa mkojo, jambo ambalo mtu hapendi kulihadithia mara moja, seuze mara ishirini. Mmoja wao aliuweka mfuko wa mkojo juu ya godoro, ubavuni mwangu, ili usiburure chini. Nia ilikuwa njema, lakini mfuko ule unatakiwa ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, vinginevyo mkojo hurudi ndani. Siku tatu baadaye nilikuwa natetemeka kwa homa chini ya mablanketi mawili.

Pamoja na hayo, kilichonichosha zaidi si homa. Siku moja msaidizi aliingia, akamsalimu kaka, kisha akamuuliza, "Ameshakunywa chai?" Nami nimekaa pale pale, kikombe kiko mkononi mwangu. Kaka, Mungu amsamehe, akajibu, "Bado anakunywa." Na siku nyengine yule kijana wa zamu alipougua, walimtuma msichana aje kuniogesha. Alisimama mlangoni ameinamisha uso, akivuta ushungi wake, na mimi nikavuta shuka hadi kidevuni. Kosa halikuwa lake hata kidogo. Siku ile sikuoga. Nilipompigia simu mwenye huduma aliniambia nishukuru kwa ninachopata, kwani wapo wasiopata hata hicho. Nilimjibu kwamba Zanzibar ilitunga sheria ya haki na upendeleo kwa watu wenye ulemavu tangu mwaka 2006, na kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ambao kifungu chake cha 19 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuishi katika jamii kwa kuchagua mwenyewe kama wengine, na kupata usaidizi wa kumwezesha hivyo. Hakunijibu. Mwezi uliofuata sikumlipa, na yeye hakumtuma mtu, tukawa tumeachana bila ya barua.

Mara hii sikutaka kaka anitafutie. Nilianza kwa kuuliza wenzangu walio katika Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, jumuiya iliyopo tangu mwaka 1985. Mmoja wao alinipa ushauri ambao naona ungenisaidia tangu mwanzo: usimuulize mtoa huduma, muulize anayehudumiwa, na umuulize wakati mtoa huduma hayupo. Nikakodi gari hadi Chake Chake kwa bibi mmoja aliyepooza upande wa kushoto baada ya kiharusi, aliyekuwa akihudumiwa na huyu wa tatu. Tulikuwa na mazungumzo marefu ya afya na ya ukoo, kama ada, lakini swali lililonipeleka lilikuwa moja: siku msaidizi akishindwa kuja, inakuwaje? Akanijibu, "Mwanangu, nimekaa nao mwaka wa tatu huu. Kukosa wamekosa mara mbili, na zote mbili walinipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri." Sikuuliza jengine.

Msimamizi wao alipokuja kwetu kwa mara ya kwanza, alivua viatu, akaamkia wazee, akakaa mkekani kwa usawa wa kitanda changu. Kaka akaanza kueleza, naye akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Ahsante kaka yangu. Sasa naomba nisikie kutoka kwake mwenyewe." Akaniuliza naamka saa ngapi, napenda kuoga kabla ya sala ya alfajiri au baada yake, nani nisiyetaka anione nikiogeshwa, na kitu gani nataka niweze kukifanya ambacho kwa wakati ule sikukiweza. Miaka miwili hakuna aliyewahi kuniuliza hilo la mwisho. Nilisema nataka kutoka barazani mwenyewe, bila ya kubebwa, nikacheze bao na wenzangu.

Kutokana na jibu lile ndipo mambo yote yakapangwa. Baraza letu lina kimo cha sentimita 40, na fundi waliyekuja naye alieleza kwamba kila sentimita moja ya kimo inahitaji sentimita 12 za urefu wa mteremko ili mtu apande kwa nguvu za mikono yake, kwa hiyo tulihitaji karibu mita tano za saruji. Kaka alinung'unika sana, kwa kuwa hapo ndipo anapoanika karafuu. Leo mteremko wenyewe ndio unaotandikwa jamvi msimu ukifika, na mimi ndiye ninayesubiri wanipishe.

Kiti nacho kilibadilishwa. Walinipima nyonga, mapaja na miguu, wakaniletea cha magurudumu matatu, chenye gurudumu la mbele lililotangulia mbali ili kisipinduke, na chenye mto wa kukalia. Matairi yake ni ya ukubwa ule ule wa baiskeli, yanapatikana Wete, na fundi wa baiskeli anaweza kubadilisha beringi na spoku. Yeyote anayepewa kiti aulize kwanza habari ya matairi, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma, na kiti kisicho na vipuri hugeuka banda la kuku. Walinifundisha pia kujiinua kwa mikono kila baada ya nusu saa ili damu ipite, na kujikagua kwa kioo usiku. Tangu hapo sijapata kidonda.

Msaidizi wangu ni mwanamme wa rika langu, huyo huyo kila siku. Kilichonifanya nimwamini ni siku mpira wa mkojo ulipoziba, nikamwomba aubadilishe, akakataa. Alisema hiyo si kazi yake, ni ya muuguzi, na akampigia simu muuguzi hapo hapo. Wale wa mwanzo hawakuwahi kukataa kitu.

Sasa na kasoro zao. Nalipa shilingi 180,000 kwa mwezi kwa asubuhi sita za wiki, na bila ya ndugu zangu wawili kuchangia nisingeweza. Ijumaa hakuna mtu. Ramadhani ya kwanza walibadilisha saa bila ya kuniuliza, msaidizi akawa anakuja saa tatu, nami nimekwishakesha na kusali nikiwa sikuoga. Nililalamika kwa maandishi, kwani mkataba wao, ambao umeandikwa kwa Kiswahili na una kurasa mbili tu, unataja wa kumwandikia, na jibu lilikuja siku ya pili. Saa zikarudishwa.

Mkataba unamalizika mwezi ujao. Kaka alitaka kunisainia, nikamwambia aniachie kalamu, na pembeni nimeongeza kwa mkono wangu mambo mawili: kwamba msaidizi wa akiba nimfahamu kwa sura kabla ya siku atakayohitajika, na kwamba saa za Ramadhani zikubaliwe mwezi wa Shaabani. La kwanza wamelikubali. La pili wamesema watanijibu.