CORS katika AWS SAM: sifa moja inayofanya nusu ya kazi

AWS SAM, nyongeza iliyotolewa mwaka 2016 ya CloudFormation (huduma ya Amazon ya kuunda rasilimali za wingu kwa violezo), humwezesha msanidi programu kueleza API yake yote, yaani kiolesura ambacho programu nyingine hukitumia kuomba data, ndani ya faili moja la maandishi la YAML, ikiwemo ruhusa ya kupokea maombi kutoka tovuti zenye anwani tofauti na ya API, yaani CORS. Katika CloudFormation yenyewe, kila njia ya API ya aina ya REST katika API Gateway, lango la Amazon linalopokea maombi ya API, huhitaji kuandikiwa methodi yake ya OPTIONS (ombi la kuuliza kinachoruhusiwa), jibu la kuigiza, na vichwa vya majibu ambavyo thamani zake hufungwa ndani ya nukuu za aina mbili. SAM hufupisha yote hayo kuwa sifa moja, Cors, na kwa hilo ninaisifu bila kusita.

Hata hivyo, sifa hiyo hushughulikia ombi la awali tu, lile la OPTIONS ambalo kivinjari hulituma kubisha hodi kabla ya ombi lenyewe. Fanksheni ya Lambda (huduma ya Amazon inayoendesha msimbo wako) iliyounganishwa kwa proksi, yaani iliyoachiwa kuandaa jibu lote, hulazimika kurudisha yenyewe kichwa cha Access-Control-Allow-Origin, la sivyo kivinjari huizuia tovuti kulisoma jibu ambalo seva imekwisha kulitoa. Zaidi ya hayo, API Gateway inapolikataa ombi kabla halijafika kwenye Lambda, tuseme kwa kuwa tokeni inayomtambulisha mtumiaji imeisha muda, jibu la 401 (huna idhini) hutoka bila kichwa hicho, na msanidi husoma kosa la CORS ilhali tatizo ni la idhini. Hapa ndipo saa nyingi hupotea bure, na dawa ni kuongeza katika kiolezo majibu ya DEFAULT_4XX na DEFAULT_5XX yenye kichwa hicho. Vilevile, kithibitishaji, yaani kinachokagua tokeni, kikiwekwa kuwa chaguo-msingi kwa njia zote, SAM hukitumia hata kwa OPTIONS, ingawa ombi la awali halibebi tokeni yoyote. Kwa hiyo AddDefaultAuthorizerToCorsPreflight iandikwe false.

HTTP API, aina nyingine ya API katika API Gateway na ndugu mdogo wa REST, inanipendeza zaidi, kwani sifa yake ya CorsConfiguration hujibu OPTIONS, huongeza vichwa kwenye majibu, na hupuuza vile vya CORS vinavyorudishwa na Lambda. Mradi mpya usiohitaji funguo za API ningeuanzishia huko, nikiandika anwani kamili ya tovuti badala ya nyota (*) inayoruhusu tovuti yoyote, kwa kuwa kivinjari huikataa nyota pindi ombi linapobeba vidakuzi.