Unga wa swaumu pori wa hapa Mwanga, mzigo upo ila maelekezo yao yanauharibu

Mlioniuliza kuhusu ule unga wa kitunguu swaumu pori unaouzwa kama dawa Kigoma mjini, mimi nilichukua kopo hapa Mwanga kwa elfu nane na nimelitumia mpaka linaelekea kuisha.

Kwanza ukifungua usishangae, harufu ni ndogo sana. Chota kijiko weka kwenye maji ya uvuguvugu koroga uache kama dakika kumi, weee, nyumba nzima inajua. Ndo inavyotakiwa, maana swaumu ikiwa nzima au kavu ile dawa yenyewe bado haipo, kuna alini, kiungo chake cha salfa, na kuna kimeng'enya (enzaimu) cha kuibadilisha, vimekaa mbalimbali, ukiponda au ukilowesha ndo vinakutana inatokea alisini, hiyo ambayo watafiti kina Cavallito na Bailey kule Marekani waliitenga 1944 wakakuta inazuia bakteria.

Sasa soma lebo: "chemsha dakika 15". Yani unachemsha kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi, unabaki unakunywa maji ya kunukia! Nikamwambia dada muuzaji, akacheka, "kaka, wateja wakiona haijachemka wanasema sio dawa." Haya bana.

Kingine lebo haisemi ni mmea gani. Swaumu pori ya Ulaya ni Allium ursinum, ile ya Afrika Kusini yenye maua ya zambarau ni Tulbaghia violacea, ukoo mmoja ila mimea tofauti na hata viungo vyake vya salfa havifanani. Na huko Ulaya kuna watu wanakula sumu kwa kuchuma majani ya mmea mwingine yanayofanana nayo, so jina la mmea sio urembo.

Mama mdogo alivyoona kopo akataka kuacha vidonge vya presha, nikamwambia mama hapana. Swaumu inaweza kushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu, haichukui nafasi ya vidonge, tena inapunguza damu kuganda, kama unatumia warfarin, ile dawa ya kuzuia damu isigande, au unasubiri operesheni ongea na daktari kwanza.

Mi nimeishia kuunyunyizia kwenye samaki mgebuka wa kuchoma akishatoka kwenye moto, na ndimu, ni tamu hatari. Ila asubuhi tumbo tupu usijaribu, kiungulia chake acha tu.

Nyota tatu. Wakiandika jina la mmea na wakifuta hilo neno chemsha, nachukua kopo lingine.